Kiwanja, simu na mimbari: tuliyojifunza baada ya kumzika mchungaji mwanzilishi

Mchungaji aliyeanzisha kanisa letu hapa Dodoma alifariki mwaka 2019, miezi michache baada ya kupata kiharusi. Alikuwa ameliongoza tangu 1996, enzi tulipokuwa tukiabudu katika darasa la shule ya msingi na kurudisha madawati mahali pake kabla ya kwenda nyumbani. Alipolala, alituachia jengo la matofali ya saruji, matawi saba katika wilaya za Bahi, Chamwino na Kongwa, na waumini ambao wengi wao waliokoka kwa mahubiri yake. Mimi ni mmoja wao. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo, na baada ya mazishi nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya mpito.

Naandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, wake wa wachungaji, na wachungaji wenyewe, hasa wa makanisa kama letu ambayo hayana dayosisi wala makao makuu ya kutuma mtu pale kiongozi anapoondoka. Mengi yaliyotupata yangeweza kuzuiliwa kwa karatasi chache na mazungumzo machache, wakati mchungaji bado ana nguvu za kuketi na kuzungumza.

Kabla sijaendelea, niseme hili kwa moyo wote: marehemu alikuwa mtu wa Mungu. Hakuiba sadaka, hakujilimbikizia mali, na aliishi katika nyumba ambayo dari yake ilivuja kila masika. Shida zetu hazikutokana na ubaya wake. Zilitokana na kwamba kila kitu kilifungwa kwake, na kwa kuwa alikuwa mwema, hakuna aliyeona sababu ya kukifungua.

Cha kwanza kutuonyesha hali yetu kilikuwa simu. Kwa miaka kadhaa matawi ya vijijini yalikuwa yakituma zaka na sadaka kwa namba ya simu ya mchungaji. Ilikuwa rahisi: mavuno ya alizeti yakitoka, watu wakiuza, wanatuma siku hiyohiyo, naye anaandika kwenye daftari lake. Alipofariki waliendelea kutuma. Wengine hawakuwa na namba nyingine, na wengine waliona kumwacha Mama Mchungaji bila chochote wakati wa msiba ni aibu. Fedha zikawa zinaingia kwenye laini ya marehemu, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na fedha hizo zikahesabiwa kuwa sehemu ya mirathi yake. Kanisa halikuwa na neno. Wainjilisti wetu wawili wa Kongwa walikaa bila posho mpaka mvua za kwanza.

Baadaye Mama Mchungaji alitufungulia sanduku la karatasi. Humo tulikuta hati ya kiwanja cha kanisa, ile ya CDA, ya miaka 33. Ilikuwa kwa jina la mchungaji, jina lake binafsi, bila neno kanisa popote.

Kwa asiyejua historia ya mji wetu, nieleze. Kabla ya 2017 viwanja vya Dodoma vilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wote tuliiita CDA. Sisi tulinunua chetu mwaka 1999. Kanisa halikuwa limesajiliwa, na kundi la watu wanaoimba darasani haliwezi kuandikwa kwenye hati. Mchungaji akaandika jina lake, kwa nia njema kabisa, na fedha zilitoka kwetu. Akina mama waliuza karanga na ubuyu, vijana walibeba zege kwenye majengo ya watu. Tulipopata usajili miaka ya baadaye, tulifurahi, tukatoa sadaka ya shukrani, na hati ikabaki sandukuni vilevile.

Halafu thamani ya ardhi ikabadilika. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa dhati. Mei 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikahamia manispaa, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kiwanja tulichokinunua kwa karanga kikaanza kuulizwa na madalali. Wakati wa msiba walikuja ndugu wa marehemu ambao sikuwahi kuwaona katika ibada hata moja, na walikijua kiwanja kile kwa ukubwa wake kuliko sisi tuliokifyeka.

Hapa kuna jambo ambalo makanisa mengi huchanganya. Kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kunalipatia kanisa ruhusa ya kuwepo na kufanya kazi zake. Hakulipatii kanisa uwezo wa kumiliki ardhi kwa jina lake. Kwa hilo linahitaji Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na mali iandikwe kwa jina la wadhamini hao waliosajiliwa. Mdhamini akifa au akihama, bodi inaendelea, kwa sababu iliyoandikwa ni bodi. Sisi bodi tulikuwa nayo. Wadhamini walikuwa watatu: mchungaji mwenyewe, mzee mmoja aliyekwisha kufariki, na ndugu aliyehamia Mwanza. Marejesho ya kila mwaka hayakuwahi kupelekwa, na lakiri, muhuri rasmi wa bodi, ilikuwa kwenye droo ya kabati la vyombo. Yule ndugu wa Mwanza alikuwa tayari kutusaidia kwa moyo, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wakati tunahangaika na karatasi, mimbari nayo ilikuwa inatafuta mtu.

Usiku wa matanga, mwinjilisti wetu mkuu alisimama akasema Bwana amemwonyesha vazi la Eliya likimwangukia. Wengine walipiga vigelegele. Wengine walitazama chini. Wiki haikuisha kabla mama mmoja wa kikundi cha maombi hajaota mtoto wa kwanza wa mchungaji akiwa ameshika fimbo ya baba yake. Kijana huyo alikuwa mwalimu wa sekondari, mpole, na hakuwa ameomba chochote. Kwaya iligawanyika. Jumapili moja upande mmoja ulikataa kuimba kwa sababu upande mwingine umechagua nyimbo. Watoto wa Shule ya Jumapili walianza kuulizana, "Ninyi ni wa nani?"

Nimeyafikiri sana yale. Sidhani kwamba watu wale walikuwa waongo. Tulikuwa tumefundishwa kwa miaka ishirini na zaidi kwamba uongozi unashuka ghafla, kama upako, juu ya mtu aliyechaguliwa sirini, na wengine kazi yao ni kutambua. Kwa hiyo kila aliyempenda mwinjilisti alitambua mwinjilisti, na kila aliyeipenda familia alitambua mtoto. Hatukuwa na namna yoyote ya kuyapima maono hayo pamoja. Laiti tungesoma Hesabu 27 kwa makini. Pale Musa ndiye anayemwomba Mungu mrithi, angali hai na ana akili zake. Anaambiwa amsimamishe Yoshua mbele ya kusanyiko lote na ampe sehemu ya heshima yake, mbele ya macho ya watu, kabla hajafa. Na katika Matendo 6, mitume waliwaambia waumini wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema, ndipo wakawekewa mikono. Watu walihusika. Majina yalitajwa. Ilikuwa mchana.

Kulikuwa pia na ile sentensi. Kila mtu aliyekulia katika makanisa yetu anaijua: msiwaguse masihi wa Bwana. Miaka ya nyuma mtu akiuliza hesabu za ujenzi, sentensi hiyo ilitoka mara moja, na mara nyingi haikutoka kwa mchungaji bali kwa waliomzunguka. Ni kweli Daudi alikataa kumdhuru Sauli. Lakini Daudi huyohuyo alisimama akamwita Sauli mbele ya jeshi lake, akamwonyesha pindo la vazi alilokata, akamwambia wazi kwamba anamtendea isivyo haki. Na Daudi alipokuwa mfalme, Nathani aliingia ikulu akamwambia dhambi yake usoni. Samweli, akiwa mzee, alijisimamisha mwenyewe mbele ya Israeli akauliza amechukua ng'ombe wa nani, amemdhulumu nani. Huyo alikuwa nabii tangu utotoni, na hakuona kwamba kutoa hesabu kunampunguzia upako. Ninaamini kwa dhati kwamba sentensi ile, jinsi tulivyoitumia, ilimwumiza mchungaji wetu kuliko maswali ambayo iliyazuia. Ilimwacha peke yake na mzigo wote.

Aliyetusaidia kutoka hapo hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Anglikana, mzee wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, mtu ambaye pande zote mbili zilimheshimu kwa sababu hakuna upande ambao ungepata kitu kupitia kwake. Nilimwendea na mzee mwenzangu mmoja, tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Mama anakula nini?" Hatukuwa na jibu, akaendelea na mengine.

Alitueleza habari za watu waliomlea kiroho. Kwamba Uamsho ule unarudi nyuma mpaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda ambaye hakuwa kasisi, alipokutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Kwamba kutoka Gahini ukaenea Uganda, ukavuka kuingia Tanganyika kupitia Katoke, kule Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwamba mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya msimamo wao, William Nagenda akiwa mmoja wao, na bado ndugu hawa hawakutoka kwenda kuanzisha kanisa lao. Walibaki wakashuhudia wakiwa ndani. Alichotaka tukione ni kwamba harakati hiyo ilidumu kizazi baada ya kizazi bila mwenyekiti wa maisha. Iliongozwa na ndugu waliokaa pamoja, wiki baada ya wiki, wakitembea nuruni: askofu na mkulima wakitubu kwenye chumba kimoja, kila mtu akiweza kumwambia mwenzake neno. Hakusema walikuwa wakamilifu. Alisema palikuwa na ugomvi na mafarakano huko pia, na kwamba watu wengine waligeuza kutubu kuwa sheria ya kuwaumizia wenzao.

Kisha akatoa sharti lake. Atakuja kukaa nasi, lakini katika kikao cha kwanza hakuna atakayetaja nani ataongoza. Kila mmoja aseme tu ni kitu gani cha kanisa kiko mkononi mwake.

Nilidhani kikao kitaisha mapema. Kilianza saa tatu asubuhi, tukatoka jua linazama. Mzee mmoja alisema ana funguo za stoo ambazo hakumwambia mtu. Mweka hazina alisema jina lake bado liko kwenye akaunti ya benki, sahihi mbili, na ya pili ni ya marehemu, kwa hiyo fedha za benki nazo haziguswi. Kiongozi wa kwaya alisema spika mbili ziko kwa shemeji yake, zinakodishwa kwenye harusi. Mwinjilisti alinyamaza muda mrefu, halafu akasema pikipiki ya kanisa, ile tuliyoichangia kwa ajili ya matawi, kadi yake iko kwa jina lake. Alilia aliposema. Alieleza kwamba muuzaji alihitaji jina la mtu siku ile ile na mchungaji alikuwa safarini. Ilikuwa ni hati ya kiwanja tena, kwa udogo, na wote tuliliona hilo bila mtu kulisema. Mtoto wa mchungaji alisema ana daftari la baba yake la sadaka za matawi, na kwamba alikuwa akilificha kwa kuogopa watu watasoma vibaya mahali ambapo baba yake alijikopesha fedha ya matibabu. Alikuwa ameandika kila shilingi, na nyingi alikuwa amezirudisha.

Mwisho akasema Mama Mchungaji. Alikuwa mtulivu. Alisema anaishi katika nyumba ya kanisa, na mchungaji mpya akija atahitaji nyumba hiyo. Mume wake hakuwa na mshahara, alikuwa na sadaka ya shukrani ya mwisho wa mwezi, hakuwahi kuandikishwa mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, na hakuandika wosia. Shemeji zake walikuwa wamemwambia wazi: ukikiachia kiwanja kanisa, utalala wapi? Alisema hakuwa na jibu la kuwapa, na kwamba katika miezi yote ile hakuna mzee wa kanisa aliyemuuliza.

Mzee wa Uamsho hakututazama. Hakuwa na haja.

Nimekuwa nikiwaambia wazee wa makanisa mengine tangu siku ile: mnapoona familia ya mchungaji inashikilia mali ya kanisa, msianze na wakili. Tafuteni kwanza wanaogopa nini. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwenda mahakamani kupigania kiwanja, tukiwa na mistari ya Biblia juu ya mali ya Bwana, huku mjane aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana kwa zaidi ya miaka ishirini hajui atalala wapi. Paulo anamwagiza Timotheo habari za wajane kwa kirefu kuliko anavyomwagiza habari za mengi tunayoyahubiri. Tulikuwa tunaijua sura hiyo.

Wiki iliyofuata tulikubaliana: kanisa lingemjengea Mama nyumba ya vyumba viwili kwa jina lake mwenyewe, na kumpa posho kila mwezi maisha yake yote, iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu ili viongozi wajao wasiifute. Baada ya hapo, katika kikao cha ukoo, yeye ndiye aliyesimama akasema kiwanja ni cha kanisa. Alikuja na kitabu cha risiti cha akina mama cha mwaka 1999, majina ya waliochanga yakiwa yameandikwa kwa kalamu ya bluu, na shangazi wa marehemu akakuta jina lake mwenyewe humo. Ubishi haukuisha siku ile, lakini uzito wake ulipungua. Mtoto wa kwanza aliteuliwa na ukoo kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ikamthibitisha, naye akasaini uhamisho.

Njia yenyewe ya kisheria ilikuwa ndefu, na naieleza kwa ufupi kwa sababu utahitaji wakili wa kwenu akuongoze. Mkutano mkuu uchague wadhamini wapya na muhtasari uandikwe vizuri, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Taarifa ziende RITA pamoja na marejesho yaliyolala. Msimamizi wa mirathi apate barua zake kutoka mahakamani. Kodi ya pango la ardhi ya miaka yote isiyolipwa ilipwe. Ndipo ofisi ya ardhi ihamishe umiliki na kutoa hati mpya kwa jina la wadhamini, ambayo kwetu ilitoka kuwa ya miaka 99 badala ya ile ya 33. Ilituchukua karibu miaka mitatu, na gharama, ukijumlisha wakili, ada, malimbikizo ya kodi na nauli, zilipita milioni tisa. Fedha hiyo ingeezeka matawi mawili. Kama mchungaji angesaini uhamisho akiwa hai, tungelipa sehemu ndogo tu ya hapo, na hakuna ambaye angelazimika kupanda kizimbani.

Matawi ya vijijini yana namna yake. Huko ardhi mara nyingi hutolewa na serikali ya kijiji, na kinachobaki ni muhtasari wa kikao. Nenda ukausome. Katika matawi yetu mawili muhtasari ulitaja "mchungaji fulani" badala ya wadhamini wa kanisa. Tulirudi kijijini, tukaomba marekebisho, tukayapata bila ugomvi kwa sababu waliotoa ardhi walikuwa bado hai.

Sasa kuhusu kiongozi. Tulikaa mwaka mzima bila mchungaji mkuu, wazee wakihubiri kwa zamu na mchungaji jirani akitubatizia na kufunga ndoa. Watu walilalamika kwamba kundi halina mchungaji. Nilielewa, hata hivyo ningewashauri wengine wasikimbilie. Mwaka ule ulipoza mioyo, na tuliona nani anafagia kanisa asipoahidiwa cheo. Katiba yetu ya zamani ilisema kiongozi mkuu ataongoza mpaka kifo na haikusema neno juu ya kitakachofuata. Tuliiandika upya: muhula wa miaka mitatu unaoweza kurudiwa, baraza la wazee linalochaguliwa na waumini, na kifungu kinachosema kiongozi akiugua kwa zaidi ya miezi mitatu nani anakaimu. Mabadiliko hayo yanapelekwa kwa Msajili, msisahau.

Mwisho wa 2020 mkutano mkuu ulimchagua mchungaji wa tawi la Kongwa, mtu ambaye hakuna aliyemwota. Mtoto wa marehemu alimwunga mkono na leo ni katibu wa wadhamini. Mwinjilisti aliondoka na watu wapatao thelathini, wakaanzisha huduma yao. Hilo linaniuma mpaka sasa. Tulimwita mbele ya kanisa, tukamwombea, pikipiki akairudisha mwenyewe pamoja na kadi iliyobadilishwa jina. Tunasalimiana kwenye misiba. Kuna dada zangu wa kwaya walioenda naye ambao nawakumbuka kila Jumapili, na sijui kama kikao kile cha nuruni kingefanyika mapema zaidi wangebaki.

Upande wa fedha, tulichobadilisha ni hiki. Sadaka inahesabiwa palepale kanisani mara ibada inapoisha, na watu watatu wasio wa familia moja, wanasaini wote. Matawi yanatuma kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Benki ina watia saini wanne, na wawili wowote wanatosha, ili kifo au safari ya mmoja isifunge akaunti. Kila robo mwaka karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo hata mgeni anasoma. Mwanzoni wazee wawili waliona ni kujivua nguo mbele ya majirani. Niliwasomea 2 Wakorintho 8, pale Paulo anaposafiri na ndugu wengine kubeba mchango ili mtu asimlaumu, akitafuta yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Wakanyamaza, ingawa nadhani mmoja bado hajapenda. Na zaka haikushuka. Matawi ndiyo yaliyoongeza.

Mchungaji sasa ana mshahara, mdogo lakini unajulikana, na kanisa linamchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kanisa dogo inauma kila mwezi. Kuna miezi tumeacha kununua viti ili tuipeleke. Sitaki kumkuta mjane mwingine katika nyumba ya kanisa akisikiliza hatua mlangoni.

Kilichokuwa kigumu kuliko nilivyotarajia ni watu kuzoea mchungaji asiyefanya kila kitu. Marehemu alipokea watu nyumbani tangu alfajiri: ndoa, mapepo, ada za shule, mbuzi waliopotea. Mpya alifuata shauri la Yethro katika Kutoka 18, akagawa waumini kwa mitaa, kila mtaa na mzee wake, na yale mazito tu ndiyo yanayomfikia. Baadhi ya watu walisema hana upendo. Mama mmoja aliniambia, "Dada, yule wa kwanza aliniombea mwenyewe, huyu ananituma kwa jirani yangu." Sikumbishia. Alikuwa amepoteza kitu cha kweli. Lakini daktari alituambia presha ya marehemu ilikuwa juu kwa miaka mingi bila dawa, na mimi najua zile alfajiri zilikuwa na sehemu yao.

Kama mchungaji wenu anaugua wakati huu, mwendeeni mkiwa wachache, wazee wawili na mama mmoja anayeaminiwa na mkewe. Anzeni kwa kuuliza familia itaishi wapi na kwa kipato gani, na mwende mkiwa na pendekezo mkononi. Kisha mwombeni awaonyeshe hati, lakiri na majina ya wadhamini, na aandike wosia, wakili akiwepo. Mwulizeni pia anamwona nani akikua, na mwombeni aanze kumpa nafasi ya kuhubiri na kuendesha vikao akiwa bado yupo wa kumrekebisha. Wachungaji wengi wanasubiri kuulizwa. Wetu, siku chache kabla ya kiharusi, alimwambia mkewe kwamba angependa kuketi na wazee juu ya kiwanja, akaahirisha kwa sababu ya semina.

Muhula wa kwanza wa mchungaji wetu uliisha 2023. Kama katiba inavyotaka, alitoka ukumbini wakati wa majadiliano. Wengi walipiga kura aendelee, na wachache waliokataa waliombwa watoe sababu zao kwa maandishi, bila majina. Malalamiko yaliyojirudia ni kwamba hafiki vijijini mara kwa mara. Yakasomwa mbele yake aliporudi, yakaingia kwenye muhtasari, na ratiba ya matawi ya mwaka uliofuata iliandikwa pamoja naye kabla mkutano haujafungwa.